Vyanzo Saba na Kengele ya Baiskeli

Kaeni kitako, wajukuu zangu wa damu na wa jina, niwaambie kazi niliyoifanya, maana hakuna anayeweza kuibahatisha. Kwa miaka ishirini na minane nilitafuta miungu. Si ya kuabudu, msije mkanitia maneno mjini. Nilifanya kazi katika kituo kimoja cha redio hapa kisiwani Mombasa, na kila Jumamosi alasiri tulikuwa na kipindi cha chemsha bongo. Mtangazaji aliuliza maswali kwa sauti yake tamu, washiriki walijibu, nami, Zuhura wa Kibokoni, nilikaa pembeni na kadi zangu za majibu. Mbele yangu palikuwa na kengele ya baiskeli iliyofungwa mezani kwa waya. Mtu akikosea, naipiga. Sauti yangu watu hawakuijua, lakini kengele yangu iliogopwa mpaka Likoni.

Maswali yalikuwa ya kila namna, lakini sehemu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya miungu ya mataifa: ya Wagiriki, ya Wahindi, ya Misri ya kale, ya wale watu wa kaskazini kwenye barafu. Nafikiri ni kwa sababu mji wetu ukiutembea robo saa tu umepita misikiti, kanisa na hekalu, basi kila mtu hujiona mjuzi wa dini ya jirani yake. Nimetafuta mamia ya miungu na mingi niliipata sawasawa. Mmoja nilimkosea, na kwa kosa hilo nikamnyima kombe mtu aliyekuwa amelistahiki. Jina lake Karisa, na nitamfikia.

Nilipoanza, jirani mmoja alikwenda kwa mamangu kumwambia binti yake yuko njiani kupotea. Mama akamwachia baba, ambaye alikuwa maalim wa chuo cha Kurani na mtu wa maneno machache. Nakumbuka alikuwa akimenya chungwa, na hakuinua uso.

"Zuhura, huko kwenye redio watafuta nini?"

"Natafuta miungu, baba."

"Na ukiipata waifanya nini?"

"Naiandika kwenye kadi."

"Kisha?"

"Kisha nairudisha nilikoitoa."

Akala pande moja la chungwa, akanipa la pili. "Basi hapana tabu. Kuijua si kuiabudu. Lakini ukiandika, andika kweli. Usimzulie mtu, wala usimzulie mungu wa mtu."

Baba ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa hakuwahi kufungua kitabu cha Wagiriki maishani mwake. Yeye alisoma kwa sanad, yaani kila neno lina mlolongo wa watu waliolipokea: huyu kalisikia kwa yule, na yule kwa fulani, mpaka unafika kwa aliyekuwepo. "Mtu akikuletea neno," alikuwa akisema, "usimuulize tu lasemaje. Muulize, wewe walipokea kwa nani? Naye kalipokea kwa nani? Enda hivyo hivyo hata ufike kwa aloona kwa mato yake. Ukikwama katikati, liwate hapo hapo." Kwa lahaja yetu, mato ni macho, na kuwata ni kuacha. Mimi nikaichukua elimu hiyo ya heshima nikaitumia kwa miungu ya radi na ya mavuno. Baba alipojua alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Mungu amrehemu, kicheko chake nakikosa kuliko mawaidha yake.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo vijana wengi hupotea. Ukitaka habari za mungu wa watu fulani, jambo la kwanza ni kuuliza kama mungu huyo ana wenyewe. Hili nilifundishwa na Bi Hansa, aliyekuwa na duka la leso Barabara ya Biashara, mwanamke mdogo wa umbo mwenye miwani ya kamba. Mwaka wangu wa pili kazini niliandika swali lililoanza, "Katika hekaya za Wahindi, Ganesh ana kichwa cha mnyama gani?" Swali likasomwa, likajibiwa, sikuliwaza tena. Jumatatu nikaenda dukani kwake kutafuta leso za harusi. Akanitandikia doti tatu juu ya meza, akazikunja tena zote tatu.

"Zuhura, juzi nilisikia redio. Umesema hekaya."

"Ndiyo, Bi Hansa. Kwani si tembo?"

"Tembo yuko sawa. Lakini mimi nimemwomba leo asubuhi kabla sijafungua mlango huu. Hivyo nimeomba hekaya?"

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Yeye hakununa, alinivutia kigoda, akaagiza chai, akanieleza habari za Ganesh kwa saa nzima, kwa nini huombwa kabla ya kila jambo jipya, kwa nini pembe yake moja imevunjika, na kwamba hata kisa cha pembe hiyo husimuliwa kwa namna zaidi ya moja. Kisha akaniuzia leso bila kunipunguzia hata ndururu. Tangu siku hiyo kadi zangu niliziweka katika masanduku mawili ya biskuti. Moja lilikuwa la miungu yenye wenyewe, ambao unaweza kuwaendea na kuwauliza kwa adabu, na jingine la miungu isiyo na wenyewe tena, ambayo waja wake walikwisha zamani na umebaki na maandishi na mawe.

Mwanzoni nilidhani sanduku la pili ndilo jepesi, kwa kuwa hakuna wa kukupigia simu kulalamika. Ilinichukua miaka kugundua kwamba ndilo gumu. Ukimkosea Ganesh, Bi Hansa yupo. Ukiikosea miungu ya Wagiriki wa kale waliotoweka, nani atakukunjia leso? Habari zao ni yatima, na yatima lazima umchunge zaidi.

Nikiwapa ujuzi wangu wote kwa mpigo mmoja mtalala, basi nitachota kidogo tu. Kitabu kizuri utakijua kwa nyuma kabla ya mbele. Fungua mwisho kabisa uone kama mwandishi amesema habari zake amezitoa wapi. Asiyesema ni kama mtu anayekualika karamuni bila kukwambia nyumba gani. Jihadharini na neno "inasemekana", kwa sababu aliyesema hayupo. Zile kamusi elezo za mtandaoni ambazo kila mtu huziandika, msizidharau wala msilale humo. Ni baraza ya nyumba: mnapita hapo, mnasalimia, mnateremka moja kwa moja mpaka chini kwenye orodha ya vitabu, kisha mnaingia ndani kuvitafuta vitabu vyenyewe. Kurasa za majumba ya makumbusho ni nzuri sana, kwa maana zinakuonyesha kitu chenyewe, kimepigwa picha, kina namba na mahali kilipotoka. Na hizi mashine mpya zinazojibu kila swali kabla hujamaliza kuliuliza, mimi sigombani nazo, zina heshima kuliko baadhi yenu. Lakini moja ilinipa jina la kitabu kuhusu miungu ya mvua, mwandishi wake, mpaka ukurasa. Nilikitafuta wiki nzima, nikawasumbua wakutubi wa nchi mbili. Kitabu hicho hakijaandikwa na mtu yeyote.

Mtu anayejua yote haya, mtasema, atakoseaje? Alikosea akikaanga vitunguu.

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Dadangu alikuwa anamwoza bintiye, na Alhamisi ile nyumba yetu ilijaa wanawake, masufuria na kelele. Nami nilikuwa nimeachiwa sufuria la vitunguu vya biriani, kazi isiyotaka mtu mwenye mambo mawili. Faraj, msimamizi wa kipindi chetu, akanipigia simu: fainali ya mwaka ni Jumamosi, na anataka swali moja la akiba endapo timu zitatoshana nguvu. Nikashika mwiko mkono huu na simu mkono huu. Nikachagua swali rahisi: katika imani za Misri ya kale, ardhi ilikuwa mungu mwanamume au mwanamke? Jibu nililijua kabla ya kutafuta. Dunia nzima husema ardhi ni mama. Nikaangalia tovuti moja, ikasema mwanamke. Ya pili, mwanamke. Nikafika ya saba, zote neno moja, nikasema mashahidi saba wananitosha, baba alikuwa akiridhika na wachache kuliko hao. Nikaandika kadi. Vitunguu havikuungua, namshukuru Mungu, kwa kuwa biriani hiyo ingesemwa mpaka leo.

Fainali ilikuwa baina ya makarani wa kampuni moja ya kutoa mizigo, ambao walikuwa wamelibeba kombe miaka minne mfululizo, na gengi ya wapakuzi wa meli wa Kilindini. Kombe lenyewe lilikuwa la shaba, limefuliwa na fundi wa Mji wa Kale, sikio moja limepinda, lakini lilipendwa kama dhahabu. Wapakuzi hawakuwahi kufika fainali kabla ya hapo. Kiongozi wao alikuwa Karisa, mtu wa makamo kutoka upande wa Kaloleni, mpole, mwenye mabega ya mlango. Alikuwa na imani na timu yake kiasi kwamba kabla ya fainali alikwisha pigilia rafu kwenye chumba chao cha mapumziko, mahali pa kombe kukaa. Mtangazaji alilisema hilo hewani na watu wakacheka kwa kupenda.

Timu zilitoshana. Nikatoa kadi ya akiba. Mtangazaji akauliza, na Karisa akawahi kubonyeza.

"Mwanamume," akasema.

Nikapiga kengele.

Makarani wakabakiwa na jibu moja tu la kuchagua, wakalichagua, wakabeba kombe mara ya tano. Pale mlangoni, watu wakitoka, Karisa alinijia akanipa mkono.

"Bi Zuhura, samahani, si kwa ubishi. Jibu lile umelitoa wapi?"

"Nina vyanzo saba, ndugu yangu," nikamwambia, na kidevu changu kilikuwa juu, nakiri.

"Mimi ninacho kimoja. Kuna baharia Mmisri alinipa kalenda, meli yao ilikaa hapa mwezi mzima. Ndani pana picha ya kale, mwanamke ameinama juu na mwanamume amelala chini. Nikamuuliza, hawa kina nani? Akaniambia, huyu wa juu ni mbingu, huyu wa chini ni ardhi."

"Kalenda si kitabu, Ndugu Karisa."

"Ni kweli," akasema. "Lakini mimi niliiona." Akanitakia jioni njema, akaenda zake.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nanunua mahamri, na mwuzaji, ambaye mumewe alifanya kazi Kilindini, akanihadithia kama kichekesho. Wapakuzi walikuwa wameweka chupa ya chai juu ya rafu ya Karisa, na yeye mwenyewe wamempa jina, wanamwita Mume wa Ardhi. Akipita wanamwuliza kama mkewe mbingu hajambo. "Acheka nao," akasema yule mwanamke, "lakini mume wangu asema siku hizi hali chakula pamoja nao." Niliyarudisha mahamri mezani, nikasahau hata kuyachukua.

Nilirudi nyumbani nikazifungua zile tovuti saba, safari hii nimekaa, nimevaa miwani, hakuna sufuria. Nikasoma kila moja mpaka mwisho. Ya kwanza ilimaliza habari za ardhi kwa maneno "na pia hujulikana kama mlinzi wa", kisha basi, sentensi imekatika. Ya pili ikakatika hapo hapo. Ya tatu vile vile. Zote saba, watoto wangu, zilikatika kwenye neno lile lile, kwa sababu mmoja alinakili vibaya na sita wakamnakili yeye bila hata kumaliza kusoma. Mmoja wa hao sita alikuwa akiuza hirizi. Mashahidi wangu saba walikuwa mtu mmoja aliyevaa kanzu saba. Nilimsikia baba akiuliza kwa sauti yake ya taratibu, walipokea kwa nani, na nikalia kidogo, sitawaficha.

Asubuhi yake nikaenda maktaba. Siku tatu nilikuwa huko. Nikapata kitabu cha mtu aliyejifunza maandishi ya Wamisri na kuyasoma mwenyewe, akaeleza kila neno amelitoa ukuta gani na kaburi gani. Nikapata cha pili, cha mwanamke aliyefanya kazi mbali naye na kubishana naye kwa mambo mengi, lakini hapa wakakubaliana, na wapinzani wakikubaliana hapo mtu unaweza kuegemea. Ardhi ni Gebu, mwanamume. Mbingu ni Nuti, mwanamke. Mwishowe nikaingia kwenye ukurasa wa jumba la makumbusho, nikaiona karatasi ya mafunjo yenyewe, imechakaa pembeni, mchoro wake bado mzima. Ilikuwa picha ya kwenye kalenda ya Karisa.

Nikampelekea Faraj. Alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na hofu kama ya paka aliyewahi kumwagiwa maji.

"Bi Zuhura, fainali imekwisha. Tukisema tumekosea, watu watauliza miaka yote hii tumekosea mara ngapi. Na wewe umebakisha miezi mitatu ustaafu kwa heshima. Miungu hiyo haina wenyewe tena. Nani atalalamika?"

"Karisa."

"Karisa hajalalamika."

"Ndiyo maana nimekuja mimi."

Akajishika kichwa. Akasema sawa, kwa sharti kwamba nitakayesema ni mimi Zuhura mwenyewe, kwa mdomo wangu, si kwa barua ya kusomwa na mtangazaji. Miaka ishirini na minane sikuwahi kuzungumza hewani. Usiku wake sikula, na dadangu akanicheka kuwa nimekuwa bi harusi. Nilichoogopa hasa ni kwamba kazi yote ya maisha yangu ingekumbukwa kwa kosa hilo moja. Makarani nao niliwaendea kabla, nikatazamia maneno makali. Mkubwa wao akasikiliza, akalipangusa kombe kwa leso ya mfukoni, akasema hawataki kitu kisicho chao, na isitoshe wamechoka kuling'arisha. Akalibeba mwenyewe mpaka redioni.

Jumamosi ikafika. Mtangazaji akapiga simu bandarini, na hewani zikaingia kelele za winchi na watu. Nikasogezewa kipaza sauti.

"Ndugu Karisa, hapa ni Zuhura. Yule wa kengele."

"Nakusikia, Bi Zuhura."

"Nimekuja kukuomba radhi mbele ya wote waliosikia siku ile. Ulisema kweli. Ardhi ya Wamisri ilikuwa mwanamume. Jibu langu lilikuwa la uongo, nililichukua kwa haraka, na nikakupigia kengele kwa jeuri. Kombe ni lenu, liko hapa mbele yangu."

Upande wa pili ukalipuka. Watu walipiga mabati, mmoja akaanza wimbo wa kazi, na Faraj, nilimwona kupitia kioo cha studio, alikuwa anapangusa macho kwa mkono wa shati. Kisha tukamsikia Karisa akiwanyamazisha.

"Hebu tulieni kwanza. Tulieni, nasema." Kelele zikapungua. "Bi Zuhura, asante. Lakini safari hii umelitoa wapi?"

Mtangazaji alinitazama. Nilihisi furaha ambayo sikuwa nimeihisi kazini kwa miaka mingi, nikasogea karibu na kipaza sauti. Nikamtajia kitabu cha kwanza, mwandishi wake na kurasa, na kwamba aliyasoma maandishi mwenyewe. Nikamtajia cha pili.

"Na hicho cha pili hakikunakili cha kwanza?"

"Hapana. Hao hawapatani. Nimeangalia."

"Na picha?"

"Ipo. Ni karatasi ya mafunjo, iko makumbusho, ina namba yake."

"Umeiona wewe mwenyewe, au umeambiwa?"

"Nimeiona kwa macho yangu, Ndugu Karisa. Mwanamke ameinama juu kutoka upande huu mpaka upande huu. Chini yake amelala mwanamume, ameegemea kiwiko, goti moja juu."

Winchi ilikuwa imesimama.

"Ndiye huyo," akasema Karisa. "Haya, sasa nimekubali kushinda."